Lipia Kichwa cha Fundi, Wacha Kulipia Bahati Nasibu

Wasee, leo sina maneno matamu. Nimekaa na hii hasira tangu Julai na nimeamua kuitoa hapa, sababu najua wengi wenu mko na gari mzee nyumbani, ama mnajipanga kununua moja. Hoja yangu ni hii: gari kuzeeka si shida kubwa. Pesa yetu inaliwa na kubahatisha. Fundi anabahatisha, sisi tunalipa, na gari ikikataa kupona tunasema "hizi gari mzee ni mkosi."

Wacha niwaambie yaliyonipata kwanza, halafu mnibishie.

Mathe wangu anauza mboga Kinoo. Saa kumi alfajiri anatoka kwenda Marikiti na Corolla 110 ya mwaka wa 1998, ile ya injini ya 5A. Gari imenizidi umri. Tuliinunua kwa mtu, tukalipa polepole, na tangu ije mathe aliacha kubebana na magunia kwenye matatu. Faida ndogo iliyokuwa inabaki ndiyo ilikuwa inawekwa kando ya karo yangu. Kwa hivyo nikisema gari, elewa nasema masomo yangu.

Mwezi wa 6 baridi ikaingia, na gari ikaanza kukataa asubuhi. Stata inazungusha injini vizuri, kwa nguvu, lakini injini haishiki. Unasumbuana nayo dakika 10, inashika, inatetemeka, inazima. Ukiikanyagia mafuta kidogo kidogo mpaka ipate moto, basi, siku nzima inatembea kama hakuna kitu. Ukiizima saa sita mchana na kuwasha tena, inawaka papo hapo. Kesho alfajiri, mnarudi palepale. Mathe anafika soko kumekucha, sukuma nzuri zimeshachukuliwa, anabaki na zile za kubembeleza wateja.

Sasa rudi usome hiyo aya tena. Asubuhi inakataa, mchana inakubali. Swali la kwanza la mtu yeyote lingekuwa: kuna tofauti gani kati ya saa kumi alfajiri na saa sita mchana? Sisi hatukuliuliza. Na fundi wetu pia hakuliuliza.

Wiki ya kwanza alisema ni betri. Tukatoa 9,500. Lakini si nimesema stata ilikuwa inazungusha kwa nguvu? Hiyo peke yake ilitosha kuitoa betri kwa orodha ya washukiwa. Betri nzima ikiwa imepumzika inasoma karibu volti 12.6, na injini ikinguruma unapaswa kuona kati ya 13.5 na 14.5. Kupima hivyo ni kazi ya dakika 2. Hakupima. Wiki ya pili ikawa plagi na filta, 3,200. Wiki ya tatu pampu ya petroli, 5,000 na kazi 1,500. Wiki ya nne akaweka mkono kwa injini, akainamisha kichwa akasikiliza, akasema: "Mama, hii injini imeisha. Kompresheni hakuna. Tafuteni eks-Japani, mimi nitawawekea." Bei ilikuwa 65,000, bila kazi yake.

Piga hesabu. Tulikuwa tumeshamwaga 19,200 na gari haijabadilika hata kidogo.

Hiyo usiku mathe aliniita jikoni. Akaniuliza, "Kijana yangu, hii pesa ya karo tuiweke kwa injini, ama niuze gari nirudi kwa matatu?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na aibu tu.

Jirani ndiye alitutuma kwa mzee mmoja upande wa Kikuyu, anatengeneza gari mbili tatu nyuma ya poshomili. Mzee hakugusa spana kwa robo saa nzima. Alikuwa anauliza tu. Inakataa lini? Ikiwa baridi ama moto? Ilianza ghafla ama polepole? Inakula oili? Moshi ni wa rangi gani? Yule wa kwanza alipima kompresheni na geji, ama alisikiliza? Nikamwambia alisikiliza. Mzee akatikisa kichwa.

Kisha akaniambia nifungue swichi bila kupiga stata. "Taa ya injini iko wapi?"

Nikamwambia, "Hii gari haina shida ya taa, Mzee. Haijawahi kuwaka hata siku moja."

"Hiyo ndiyo shida, kijana. Hiyo taa lazima iwake ukifungua swichi, halafu izime injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, kuna mtu aliinyamazisha."

Akafungua dashibodi. Balbu ya taa ya injini ilikuwa imetolewa. Kinafasi kiko, balbu hakuna. Mtu aliketi chini akaamua kwamba dawa ya gari kulalamika ni kuifunga mdomo, halafu akaiuza. Nasi tukainunua tukifurahia dashibodi safi.

Mzee akaweka balbu. Taa ikawaka, na injini iliponguruma ikabaki imewaka. Akazima, akafungua kile kisanduku kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS, akachukua kipande cha waya na kuunganisha tundu la TE1 na la E1. Akafungua swichi tena. Taa ikaanza kupepesa: mara mbili, pumziko, mara mbili. Ikarudia. Mbili, pumziko, mbili. Ni 22, na kwa hizo Toyota za wakati huo 22 ni laini ya sensa ya joto la maji.

Hapa ndipo kila kitu kilianguka mahali pake. Injini ikiwa baridi inahitaji petroli nyingi zaidi ndiyo ishike. Kompyuta inajua ni baridi kupitia hiyo sensa. Ikikosa habari, inajikisia kwamba maji yako kwa joto la kawaida, karibu 80°C, ndiyo gari isikwame kabisa. Kwa hivyo saa kumi alfajiri, na baridi ya Kinoo, kompyuta ilikuwa inaipa injini petroli ya mchana. Lazima ingekataa. Ikishapata moto, uongo unakuwa ukweli na gari inatembea poa.

Na mzee hakuniambia nikanunue sensa. Alichomoa soketi akapima sensa na mita. Ikiwa baridi inasoma ukinzani mkubwa, ukiipasha moto ukinzani unashuka, jinsi inavyotakiwa. Sensa ilikuwa nzima. Akafuata waya kwa vidole, akapata umekatika ndani ya ganda lake, karibu na soketi. Kwa nje ulionekana mzima. Akaunga, akachomelea kwa risasi, akafunika. Alfajiri iliyofuata gari iliwaka mara moja, na mpaka leo inawaka.

Akaitisha 1,500.

Na hapa nitajianika, sababu hii post si ya kulaumu mafundi peke yao. Mimi, mwenye hasira zote hizi, nilisema: "Mzee, 1,500 na umeunga waya tu? Si upunguze kidogo."

Akaniuliza, "Yule mwingine ulimpa ngapi?"

"Elfu kumi na tisa na kitu."

"Ulimwambia apunguze?"

Sikumwambia. Yeye alikuwa ananionyesha spea. Nilikuwa naona kitu mkononi, kwa hivyo nikalipa bila kubisha.

Hapo ndipo ugonjwa uko, wasee. Tunalipia kitu tunachoweza kushika. Mwambie Mkenya "nimepima gari yako saa nzima, nipe 1,000 ya kupima," atakuuliza kwani umefanya nini. Mwambie "pampu imekufa, ni 5,000," M-Pesa inaingia kabla hujamaliza sentensi. Fundi si mjinga. Anaona anapolipwa na anakaa hapo. Tumemfundisha kwamba kufikiria hakulipi na kubadilisha spea kunalipa. Halafu tukienda Grogan kununua pampu ya tatu tunashangaa.

Chukua gari inayomisi. Probox ya injini ya 1NZ, kila silinda ina koili yake juu. Gari ikianza kutetemeka, utaambiwa ubadilishe koili zote 4 na plagi zote 4. Kwani zote zimekufa siku moja? Soma kodi kwanza. Ikisema P0302, ni silinda ya 2 inayomisi. Zima gari, toa koili ya silinda ya 2, ibadilishane na ya silinda ya 3, futa kodi, washa. Kosa likihamia 3 na kodi ikawa P0303, umempata mwizi, nunua koili moja. Likibaki palepale 2, koili haina hatia, sasa angalia plagi, injekta, halafu kompresheni. Hilo jaribio halikugharimu hata shilingi.

Chukua gari inayochemka. Hapa ndipo nikisikia hasira inapanda. "Toa themostati, maji yatembee." Themostati si uchafu uliosahauliwa na Mjapani ndani ya injini. Nyingi hufunguka karibu 82°C ili injini ifike joto lake haraka na ikae hapo. Ukiitoa, injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inaendelea kuilisha petroli ya asubuhi, na wewe unalia kwamba gari inakunywa. Na kama rejeta imeziba ama feni haizunguki, ugonjwa bado uko hapohapo.

Kuna kitu kingine ambacho watu wa Nairobi wanafaa kujua. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hapa maji ya sufuria yanachemka karibu 94°C, si 100 kama Mombasa. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni presha, na presha inashikiliwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima cha 0.9 kinapandisha kiwango cha kuchemka mpaka kupita 110°C. Raba yake ikilegea, unapanda Limuru na maji yanachemka kama ya chai, injini ikiwa haina kosa. Nimeona watu wakitoa hedi kwa shida ya kifuniko.

Kwa hivyo gari ikichemka, fuata mpangilio, kutoka cha bei ndogo kwenda cha bei kubwa. Ngoja ipoe kabisa, usifungue kifuniko ikiwa moto, hayo maji yatakuchoma uso. Angalia kiwango cha maji. Angalia panapovuja. Angalia kifuniko, feni, rejeta, themostati. Gasketi ya hedi inakuja mwisho, na ina dalili zake: maji yanaisha na huoni yanapovujia, oili inafanana na chai ya maziwa, mapovu yanapanda kwenye rejeta, moshi mweupe unaendelea hata injini ikiwa moto. Bila hata dalili moja ya hizo, mtu akikuambia "hedi imeenda," muulize ameonaje.

Moshi nao unaongea. Wa buluu ni oili inaungua. Mweusi ni petroli imezidi. Mweupe mzito usioisha ni maji yanaingia ndani. Mathe hajawahi kusomea magari na hiyo anaijua sasa.

Kuna kundi lingine pia, la wale wako na kimashine cha kusoma kodi na wanafikiri wamemaliza kazi. Mashine inasema P0171, mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Wanakimbia kununua sensa ya oksijeni. Boss, sensa ndiyo imekuja kukuripotia! Sasa unamfuta kazi askari aliyepiga ripoti? Hewa inaweza kuwa inaingia kwa paipu iliyopasuka, sensa ya hewa inaweza kuwa imejaa vumbi, ama pampu imechoka. Kodi inakuambia uanze kutafuta wapi. Haikuandikii orodha ya dukani.

Najua mtakachosema. Wacha nijibu.

"Unaonea mafundi wa jua kali." Hapana. Mzee wa poshomili ni jua kali, hana hata ukuta. Ninayemwonea ni anayekataa kupima wakati mita ya kawaida, yangu ilinigharimu 900, ni pesa ya plagi mbili. Na mfumo wetu wa kukataa kulipia uchunguzi unamwumiza fundi mzuri kwanza. Anayefikiria anapata 1,500 na kubishiwa, anayebahatisha anapata 19,200 na "asante fundi." Ungekuwa kijana unayejifunza kazi, ungemwiga nani?

"Nunua gari mpya upumzike." Na pesa ya nani? Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka 8, kwa hivyo hata zile mnaziita mpya hapa, nyingi zilishazunguka Japani miaka kadhaa kabla ya kuona bandari ya Mombasa. Zina sensa nyingi kuliko 110 ya mathe, na kila moja ni nafasi nyingine ya mtu kukubahatishia kwa bei ya juu zaidi. Ukibadilisha gari na usibadilishe tabia, umeongeza bili tu.

"Lakini injini zingine zimeisha kweli." Ni kweli. Zipo zinazokula oili na kutoa moshi wa buluu mpaka jirani anafunga dirisha. Lakini injini haitangazwi kufa kwa kusikilizwa. Kuna geji ya kompresheni, inafungwa mahali pa plagi, inasoma silinda moja moja. Kama fundi anataka 65,000 zako, akuonyeshe hizo namba.

"Mimi sijui chochote kuhusu magari." Hauhitaji kujua. Wewe ni shahidi. Fundi analala kwake, wewe ndiye uko na gari saa kumi alfajiri. Andika kwa simu: ilikataa lini, ikiwa moto ama baridi, taa gani iliwaka, moshi gani, ilitengenezwa nini wiki iliyopita. Rekodi sauti. Ukifika gereji na hayo maelezo, hata fundi mvivu atalazimika kufikiria.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayowaomba, na sioni aibu kuyarudia.

Kabla ya spea yoyote kununuliwa, uliza swali moja: "Umepima nini?" Jibu likiwa "hizi gari huwa hivyo," shika funguo zako uende.

Kubalianeni pesa ya uchunguzi kabla boneti haijafunguliwa, na ulipe hata kama shida imepatikana ni waya. Sana sana kama ni waya.

Spea ikibadilishwa, rudi nyumbani na ile ya zamani. Ikiwa gari haijabadilika, ile ya zamani pengine ilikuwa nzima.

Na kabla ya kununua gari ya mtu, fungua swichi bila kuwasha, utazame dashibodi. Taa ya injini isipojitokeza, usifurahie. Muulize muuzaji aliificha wapi na kwa nini.

Mathe bado anaenda Marikiti saa kumi. Kwa ile 110. Taa ya injini inawaka sekunde chache na kuzima kila akiwasha, na siku hizi anaiangalia kwanza kabla ya kufunga mkanda. Zile 65,000 hatukuzimwaga kwa injini. Karo imelipwa. Lakini 19,200 zilienda, na zilienda kwa mikono yetu wenyewe, tukisema asante.

Sasa ni zamu yenu kwa komenti. Umewahi kubadilishiwa spea ngapi kabla ya shida kupatikana, na mwishowe ilikuwa nini? Na kama wewe ni fundi unayepima kwanza, sema uko mtaa gani. Tunakutafuta, na safari hii hatutabishana na bei.